Uzi Ulisema Saa Nane

Tangu nirudi kutoka Oslo, kila ninayekutana naye hapa Endagikot ananiuliza safari ilikuwaje, na kila mmoja nimemjibu nusu. Wa kanisani nimewaambia habari za baridi. Walimu wenzangu wastaafu nimewaambia habari za ndege. Leo nimeamua kuandika yote, kwa sababu siku nilipotamka yale maneno karibu wote mlikuwepo, mmekaa kwenye viti vya msiba uani kwangu, na hakuna aliyenizuia. Siwalaumu. Mtu aliyefundisha jiografia zaidi ya miaka thelathini si rahisi kumzuia akishaanza kueleza jambo.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Mke wangu amefariki, kaburi linachimbwa, na mwanangu Emanueli anapiga simu kutoka Oslo, alikokuwa akifanya kazi ya useremala, kusema kwamba hataweza kuwahi maziko. Niliingia ndani nikatoka na lile tufe la dunia nililopewa shuleni nilipostaafu, pamoja na uzi. Nikauvuta uzi mbele yenu kutoka Kilimanjaro mpaka Oslo, nikaupima kwa digrii, nikapata kilomita elfu saba na ushee. Nikagawa kwa mwendo wa ndege, nikapata saa nane. Saa nane tu, nikasema, mtu anashindwa kumzika mama yake. Halafu nikaishika simu, na yeye bado yuko hewani, nikamwambia: "Kama njia ya saa nane imekushinda kumzika mama yako, basi ikushinde mpaka kurudi nyumbani." Kaka yangu Boay, aliyekuja kutoka Basotu, akaitikia, "Na iwe hivyo."

Kwa miaka minne sikuitikia shikamoo ya mwanangu. Habari zake nilizipata kwa dada yake. Mwaka huu dada mtu akaniletea simu, akaiweka sauti ya juu, akaniomba nisikilize tu. Emanueli akasema mlango mmoja wa moyo wake haufungi vizuri, na madaktari watampasua kifua wiki ya tatu baada ya Pasaka, siku ya Alhamisi, saa mbili asubuhi. Akasema, "Baba, sitaki kulala kwenye ile meza na yale maneno yakiwa juu yangu."

Mimi ni mzee wa kanisa. Nimefundisha watoto wenu kwamba mvua huletwa na mvuke, si na watu. Lakini usiku ule niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, maana maneno yale yalitoka kinywani mwangu, na mdomo uliponza kichwa. Safari hii kichwa chenyewe ni cha mwanangu. Habari za pasi, viza na tiketi nazipita. Zilinichosha kuziishi, sitawachosha kuzisoma.

Endagikot mpaka Basotu

Mtauliza kwa nini mtu anayekwenda uwanja wa ndege wa Kilimanjaro hapiti Karatu kama watu wengine, akaenda kuzunguka Basotu. Nilikuwa nimempigia kaka Boay nikamwambia nitayaondoa maneno kwa simu, kama nilivyoyatuma. Akanicheka. "Maneno yalitoka na mate," akasema, "yatarudi na mate. Simu haina mate."

Mnaijua desturi yetu. Aliyelaani anachukua maziwa kinywani, maziwa ya boma lake, anampulizia aliyelaaniwa kifuani, ndipo anasema maneno mapya juu ya yale ya zamani. Ng'ombe wa mwisho wa boma la baba yetu wako kwa kaka. Kwa hiyo Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nilipanda bodaboda, begi limefungwa nyuma kwa mpira, koti la msibani limevaliwa juu ya sweta. Dereva, baba wa watoto watano kwa maelezo yake, aliendesha kana kwamba hata mmoja hamjui. Baada ya Dongobesh nilifumba macho. Nilijisemea kwamba kama naogopa kitu chenye magurudumu mawili ardhini, je, hicho kisichogusa ardhi kabisa?

Nilifika Basotu kabla ya saa sita. Nilimwamkia kaka, akaniitikia, tukaketi pale unapoliona ziwa. Hakuleta mzaha tena. Alikamua ng'ombe mwenyewe, mzee wa miaka themanini amepiga magoti, akajaza kibuyu kidogo kisichozidi kiganja. Kabla hajakifunga aliyapulizia yale maziwa pumzi yake, kwa kuwa na yeye aliitikia siku ile. Aliniambia kwa Kiiraqw nisimwage hata tone, na nisichelewe.

Basotu mpaka Endasak

Kutoka Basotu mpaka Katesh nilipata gari la wanunuzi wa ng'ombe, na Katesh nikapanda basi dogo la kwenda Babati. Mvua ilianza tukiwa hatujamaliza kukaa. Mlima Hanang ulikuwa umejifunika mpaka kiunoni, na sisi watu wa huku tunajua maana yake.

Kabla tu ya Endasak basi likasimama. Korongo lilikuwa limejaa maji mekundu, yanapita na magogo, na upande wa pili tuliona magari mengine yamesimama kama sisi. Kondakta alisema maji yatapungua baada ya saa moja. Baada ya saa mbili alisema vilevile. Nilishuka nikasimama ukingoni na mwavuli, nimekikumbatia kibuyu ndani ya koti. Nilifikiri juu ya ule uzi wangu. Uzi hauna korongo. Niliuanzia Kilimanjaro, kwenye kidoti cheusi, kana kwamba mimi au mtoto yeyote wa kwetu amewahi kuzaliwa kwenye uwanja wa ndege.

Kijana mmoja mwenye nguvu alijitolea kuwavusha watu kwa kamba. Niliipeleka miguu mpaka majini, na miguu ikakataa. Nawaambia ukweli: nililia, mzee mzima, mvua ikanisitiri.

Mama mmoja wa pale, mwenye nyumba karibu na barabara, akatukaribisha abiria saba. Alitupa makande ya moto na chai ya maziwa, na hakutaka kusikia habari ya malipo. Aliniuliza naenda wapi. Nikamwambia Oslo. Akauliza kama ni mbele ya Singida, na kwa mara ya kwanza siku ile nikatabasamu, maana lile basi halikuwa hata limeelekea Singida. Tulilala pale, wanaume sebuleni. Kibuyu nilikitundika kwenye msumari juu ya kichwa changu, na kila nilipoamka nilikitafuta kwa mkono.

Siku ya kwanza iliishia hapo. Nilikuwa bado nauona mlima Hanang.

Endasak mpaka Kilimanjaro

Jumanne asubuhi maji yalikuwa yamepungua, basi likapita. Babati, Arusha, kisha uwanja wa ndege, safari ya siku nzima ambayo haina cha kusimulia ila kwamba niliitazama saa yangu mpaka jirani yangu akaniuliza kama ni mpya.

Balaa lilikuwa uwanjani. Dada yake Emanueli alikuwa ameniambia nisibebe visu. Habari ya vimiminika hakuniambia, au aliniambia nikiwa nafikiri jambo lingine. Mashine ilipokiona kibuyu, askari wa ukaguzi akanisogeza pembeni. Ni mtu mpole, mrefu, akaniamkia kwanza. Kisha akauliza ndani kuna nini. Nilipomjibu ni maziwa, akasema maziwa hayapiti: niyanywe palepale au niyamwage.

Mtu wa kwetu hamwagi maziwa. Na haya hasa, angeyamwaga nani? Nikanywa taratibu, yameshaanza kuchachuka, huku nikipanga hila yangu. Funda la mwisho sikulimeza. Nilijaza mashavu, nikafunga mdomo, nikamrudishia askari kibuyu kitupu akikague. Hesabu yangu ilikuwa kwamba nitavuka, nitaingia chooni, nitayarudisha kibuyuni. Na msinicheke; mngekuwa mahali pangu mngefanya hivyohivyo.

Yule askari akakitikisa kibuyu, akaridhika, akanipa. Halafu akaniuliza kama nina simu mfukoni. Nikatikisa kichwa. Akauliza mkanda je, una chuma? Nikaguna. Akanikazia macho, akaita mwenzake, na wote wawili wakasimama mbele yangu wakisubiri mzee aliyekataa kufungua mdomo afungue mdomo.

Nikameza. Nikasema, "Una chuma kidogo, mwanangu." Wakanipitisha.

Nilikaa kwenye kiti cha kusubiri na kibuyu kitupu mapajani. Kwa kaka sikupiga simu, niliogopa. Nilijiona kama mtu aliyekabidhiwa dawa ya mgonjwa akainywa mwenyewe njiani.

Hewani

Hapakuwa na ndege ya moja kwa moja kwenda Oslo. Hilo pia uzi haukuniambia. Ningepanda ndege moja mpaka uwanja mkubwa wa katikati, jina lake siandiki kwa kuwa sitaki kuusema vibaya, kisha nibadilishe.

Ndege ilipoanza kukimbia nilishika mkono wa jirani yangu bila kuomba. Alikuwa mama wa makamo kutoka Singida, mlezi wa wazee katika mji mmoja wa huko Ulaya, na hakuuondoa mkono wake. Alisema nimwite Mama Neema. Tulipokaa sawa angani alinionyesha kioo kidogo kilichopo mgongoni mwa kiti cha mbele, penye ramani na ndege ndogo nyeupe, na chini yake umbali uliobaki.

Hapo ndipo nilipopata starehe yangu ya pekee. Mnanijua. Nilikaa nikiutazama umbali ukipungua kilomita kwa kilomita, nikijaribu kugawa na kutoa, na hofu ikatulia kidogo. Chakula kilikuja, wali na kuku asiye na mfupa wala ladha, nikala huku macho yapo kwenye kioo. Zilibaki elfu moja. Zilibaki mia tano. Alfajiri zilibaki sitini.

Kisha zikawa themanini.

Nilidhani macho yangu yamechoka. Nikafuta miwani. Zikawa mia moja na kumi. Ile ndege ndogo nyeupe ilikuwa imegeuka, inauacha mji nyuma. Nilifundisha umbali maisha yangu yote, na sijawahi kuona umbali unaoongezeka mtu akiwa anakwenda. Nikasema moyoni: ndiyo haya. Niliiambia njia imshinde mwanangu, na sasa inanishinda mimi. Nilianza kuomba kwa sauti, kwa Kiiraqw, na watu wa viti vya mbele wakageuka. Mama Neema akanieleza kuwa chini kuna ukungu, ndege zinazungushwa mpaka upungue. Tulizunguka mpaka jua likawa juu. Tulipotua, ndege yangu ya kwenda Oslo ilikuwa imeondoka.

Kiti cha kusubiria

Dada wa dirishani alinipa karatasi mpya. Nafasi iliyopatikana ilikuwa ya usiku, kufika Oslo Alhamisi alfajiri. Nikamwonyesha saa yangu, nikamwonyesha kifua, nikachora kwa kidole mstari wa kisu. Akadhani mimi ndiye mgonjwa, akaniletea kiti cha magurudumu. Nilikataa, akasisitiza, mwishowe nikakaa ili asihuzunike.

Basi Jumatano nzima niliishi kwenye kiti cha magurudumu na hali miguu yangu ni mizima. Mama Neema naye alikuwa amekosa ndege yake. Alitoa chapati na mayai ya kuchemsha kwenye mfuko, tukala. Alipoona sisemi, akaniuliza ninakimbilia nini, na mimi nikamwambia yote: msiba, tufe, uzi, saa nane. Nilimwambia kama ninavyowaambia ninyi.

Alimenya yai lake mpaka mwisho. Kisha akasema, "Baba, mimi baba yangu alizikwa nikiwa nimekaa kwenye kiti kama hiki. Walinipigia simu nisikie wanavyoimba."

Hakusema zaidi, na wala hakunilaumu. Lakini nilitoa kalamu. Nyuma ya ile karatasi ya safari niliandika: nimetoka nyumbani Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Nikihesabu mpaka Alhamisi alfajiri, ni siku tatu kamili. Hata nikiitoa siku nzima ya Basotu na korongo, zinabaki mbili. Na mama yake Emanueli tulimzika lini? Alifariki alfajiri, na kesho yake alasiri tukamzika, kwa kuwa sisi hatukai na marehemu. Kama mwanangu angeondoka saa ileile nilipomwambia mama yako hayupo, bila kungoja hata ruhusa ya kazini, angekuta udongo umekauka.

Niliirudia hesabu mara tatu, kama nilivyowafundisha watoto. Jibu halikubadilika. Nilikuwa nimemlaani mwanangu kwa hesabu isiyo sahihi. Hofu niliyokuwa nayo mpaka hapo ilikuwa ya kuchelewa. Sasa niliogopa kwamba atakufa akiamini kwamba hesabu yangu ilikuwa ya kweli.

Oslo

Nilitua alfajiri. Kunipokea alikuja mzee mmoja wa Kizungu, anayefanya kazi na Emanueli, ameshika karatasi iliyoandikwa BABA EMANUELI. Hakujua Kiswahili hata neno. Kiingereza changu ni cha ubaoni, na hofu ilikifuta chote. Tulipanda gari lake, baridi inakata masikio, na mimi nikamwonyesha kibuyu kitupu na kusema "milk, milk," kama mtoto.

Akaelewa kwamba nina njaa. Alisimama kituo cha mafuta, akaniletea maziwa ya boksi, mkate na soseji, akakaa akinisubiri nile. Nilimimina maziwa kibuyuni, nikagonga saa yangu kwa kidole, akatazama kile kibuyu, akanitazama mimi, akaondoa gari. Saa moja na robo tulikuwa mlangoni mwa hospitali.

Emanueli alikuwa amelala kitandani, amevishwa nguo ya hospitali, amekonda. Ndevu zake zina mvi. Nilimwacha kijana. Aliniona, akajaribu kuinuka, muuguzi akamrudisha.

"Shikamoo, baba," akasema.

"Marahaba, mwanangu."

Ilinitoka kwa shida. Miaka minne ilikuwa nyuma ya neno lile moja.

Nilitoa kibuyu, nikajaza kinywa, nikasogea. Muuguzi akaruka akasimama katikati yetu, mikono ameinyoosha. Emanueli akanieleza: kifua kimeoshwa kwa dawa tangu jana, mara mbili, hakiruhusiwi kuguswa na chochote. Nikasimama pale mashavu yamejaa, kwa mara ya pili katika safari moja, siwezi kusema na siwezi kumeza. Nje ya mlango nilisikia magurudumu ya kitanda cha kumchukulia.

Emanueli alizungumza na yule muuguzi kwa lugha yao. Sijui alimwambia nini. Mama yule alinitazama usoni, akatazama kibuyu, kisha akaenda upande wa miguuni, akafunua shuka, akatandika karatasi nyeupe. Akanionyesha kwa mkono: hapa.

Kwetu ni kifuani. Lakini niliitazama ile miguu, nikakumbuka kwamba maneno yangu hayakuulaani moyo wake. Niliilaani njia. Nikapulizia maziwa kwenye miguu ya mwanangu, yote miwili, nikaishika. Maneno niliyoandaa tangu Basotu yalinipotea. Nikasema, "Emanueli, nilikosea hesabu. Si saa nane. Nimeipita mwenyewe, ni siku tatu. Usingemkuta. Njia ikufungukie, urudi nyumbani."

Alilia. Na mimi nililia. Muuguzi akaifuta miguu kwa dawa, wakamsukuma wakaenda naye.

Nilisubiri mpaka alasiri kwenye korido, na yule mzee wa Kizungu kando yangu akila ule mkate. Daktari alipokuja, alizungumza na mzee kwanza. Nilikuwa sisikii lugha, nikautazama uso wa mzee. Aliponishika bega akacheka huku machozi yanamtoka, nilijua.

Nyumbani

Kibuyu nimekirudisha Basotu. Nilimwambia kaka Boay ukweli wote, pamoja na lile funda nililomeza mbele ya askari na maziwa ya boksi kutoka kituo cha mafuta. Nilitegemea atakasirika. Aliuliza tu kama mate yalikuwa yangu. Nikasema ndiyo. Akasema basi yatosha, akakitundika kibuyu mahali pake.

Sasa sababu ya kuwaandikia. Madaktari wamemruhusu Emanueli kusafiri. Aliondoka Oslo jana. Leo asubuhi amenipigia kutoka uwanja wa katikati: ukungu tena, ndege imemwacha, yuko kwenye kiti cha kusubiria. Sauti yake ilikuwa na woga, kana kwamba anangoja nianze kupiga mahesabu. Nilimwambia ale, alale kidogo, asiitazame saa. Tufe nimelipeleka shuleni, na uzi nimeutumia kufungia mfuko wa maharage.

Kwa hiyo nawaomba, ninyi mliokaa kwenye vile viti. Mwanangu akifika, hata akichelewa wiki, asiwepo wa kumuuliza njia ilichukua saa ngapi. Mpeni kiti. Mpeni chai ya maziwa. Akishainuka, mwacheni aende kwenye kaburi la mama yake peke yake. Mimi nitamsubiri langoni.